Mkanda wa jeshi: tuulize maumivu kabla vipele havijakauka

Mzee mmoja, mrina asali wa misitu ya Sikonge, aliingia katika chumba changu cha kuonea wagonjwa hapa Tabora amelishika shati kwa vidole viwili, kalivuta mbele lisimguse ubavuni. Vipele vya mkanda wa jeshi vilikuwa vimekauka miezi minne nyuma. "Mwanangu, ngozi imepona," akaniambia, "ila nyuki bado wamo ndani."

Kirusi cha tetekuwanga tuliyougua utotoni hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo, na kinga ikishuka kwa uzee, VVU au maradhi mengine, huamka na kuifuata neva hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja. Ile imani kwamba mkanda ukizunguka na kukutana mgonjwa hufa si kweli. Neva ikijeruhiwa, maumivu huweza kudumu zaidi ya miezi 3, wengine miaka.

Kinachoniuma ni kwamba wiki ya kwanza ya vipele sisi wahudumu wa afya tunaangalia ngozi tu. Lipo dodoso fupi la kutambua maumivu ya neva liitwalo DN4, lililochapishwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 2005, lenye vipengele 10. Saba ni vya kuuliza: panaunguza? Pana baridi inayouma? Panapiga kama shoti? Pana ganzi, kuwashwa, kuchomachoma, kama sindano? Vitatu ni vya kupima ngozi kwa mguso laini, ncha kali na brashi. Alama 4 au zaidi zaashiria kuwa neva imeguswa.

Alama peke yake haitoshi kutabiri nani atabaki na maumivu. Tunaijumlisha na umri uliopita miaka 50, ukali wa maumivu ya mwanzo, wingi wa vipele, maumivu yaliyotangulia vipele, na kama jicho limehusika. Jicho likihusika, usilale nyumbani; njoo siku hiyohiyo.

Lugha nayo ina uzito wake. Bibi asiyewahi kuguswa na umeme atalijibu vipi swali la shoti? Mweleze kwa Kinyamwezi, mwambie ni maumivu yanayopiga ghafla na kuacha, atakujibu palepale.

Dawa ya kirusi, asiklovia, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Hupunguza ukali, lakini haimhakikishii mtu kuepuka maumivu ya baadaye. Kwa hiyo mwenye alama za juu apewe tarehe ya kurudi hata kama ngozi imekauka, na daktari afikirie mapema dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini, maana panado mara nyingi haifui dafu hapa. Apimwe na VVU pia, kwa faragha na heshima.

Yule mzee alipata alama 7. Pamba kavu ilipopita ubavuni aliushika mkono wangu akauondoa. Siku ya pili ya vipele alikuwa amefika kwenye zahanati moja, akapewa mafuta ya kupaka. Hakuna aliyemuuliza panaumaje.