Magnitudi 7.9 haimaanishi utaiona

Nimeulizwa tena wiki hii kuhusu galaksi ya M101 na magnitudi, yaani kipimo cha mng'ao (namba ikiwa ndogo, mng'ao ni mkubwa): "Orodha inasema M101 ina magnitudi 7.9. Darubini yangu ya upana wa milimita 200 inafika magnitudi 13. Mbona sioni kitu?" Na kama kawaida, kuna aliyekwisha kumjibu anunue kubwa zaidi.

Jamani, hapana. Ile 7.9 ni mwanga wote wa galaksi ukibanwa katika nukta moja. M101 imetandaa angani karibu upana wa Mwezi mpevu. Chota kijiko kimoja cha rangi, upake ukuta mzima, uone kitabaki nini.

Na hapa ndipo ninapochoka: darubini haiongezi ung'avu wa uso wa galaksi, yaani mng'ao wa kila kipande chake, hata chembe. Inakusanya mwanga mwingi, ndiyo, kisha inautandaza kwenye picha kubwa zaidi. Kwa darubini hiyo ya milimita 200, ukikuza mara 40, mwale unaoingia jichoni una upana wa milimita 5. Ukikuza mara 100, milimita 2, na uso wa galaksi unafifia hadi kama moja ya sita. Lakini anga iliyo nyuma yake inafifia vilevile! Uwiano kati ya galaksi na anga haubadiliki. Kinachobadilika ni ukubwa, na gizani jicho hukamata doa kubwa hafifu upesi kuliko dogo. Kwa hiyo usigande kwenye ukuzaji wa chini. Mimi huitafuta kwa mara 40, nikiipata napanda hadi 70. Zaidi ya hapo, kwa M101, bado sijaamua kama napata au napoteza.

Mwanga wa taa angani ndio unaoiua. Vichujio vya kukata mwanga wa taa haviokoi: galaksi inang'aa kwa nyota, rangi zote.

Kaa gizani nusu saa, simu mfukoni. Usiikazie macho. Ukitumia jicho la kulia, elekeza macho pembeni ili galaksi iangukie upande wa pua. Upande wa sikio kuna doa pofu, itatoweka. Kisha gusa bomba la darubini taratibu. Ukungu ukihama pamoja na nyota, ni wenyewe.

Mwaka jana niliandika daftarini, "mikono yake inaonekana," yaani ile mizunguko ya galaksi. Jioni ileile nilikuwa nimetazama picha yake. Nimeweka alama ya kuuliza pale. Siku hizi nachora kwanza, picha naifungua asubuhi, na michoro yangu mitatu ya mwisho ina doa tu, limekolea kidogo katikati.