Ukiingia kwenye miti, toka kwanza

Nimefundisha gofu miaka mingi sasa, na mtu akiniambia wikiendi anaenda kucheza uwanja wa umma ule mgumu, wa miti mikubwa pande zote na rafu nzito, yaani majani marefu ya pembeni, swali lake huwa ni moja tu, "mwalimu, nitumie dreva au niiache kwenye begi?" Dreva ni ile fimbo ndefu ya kupiga mbali kabisa. Mi namuuliza, je mpira ukiingia kwenye miti utafanya nini? Hapo wengi wananyamaza. Hawajapanga, na uwanja wa aina hiyo unakupima hapo hapo, kwenye mkwaju unaofuata baada ya kukosea.

Viwanja vya miti viko mbali na bahari, vinamwagiliwa, nyasi zake laini. Kule pwani kwenye udongo wa mchanga na upepo mpira unatua unakimbia weeee, huku ukitua unasimama karibu na ulipoangukia, kwa hiyo grini, pale penye nyasi fupi kabisa, shimo na bendera, zinapokea vizuri mpira uliopigwa juu. Hiyo ndiyo zawadi yake. Gharama yake ni kwamba miti inakuamulia upande wa kuingilia, unaweza kuwa kwenye feawei kabisa, ile njia ya katikati ya kwendea grini, nyasi safi, halafu tawi moja limekaa katikati yako na bendera. Kwa hiyo pale kwenye tii, unapopigia mkwaju wa kwanza, usiulize nitafika mbali kiasi gani, angalia bendera iko upande gani wa grini na matawi yamefunga wapi, kisha chagua nusu ya feawei unayotaka, na kama aini ya 4, fimbo ya chuma isiyofika mbali kama dreva, ndiyo inakufikisha hapo basi piga aini ya 4.

Kuna namba kwenye kadi ya kuandikia alama watu wanairuka kabisa, slopu. Inaanzia 55 hadi 155 na ya kawaida ni 113, inaonyesha uwanja unamtesa mchezaji wa kawaida kiasi gani kuliko unavyomtesa fundi. Tuseme handikapu indeksi yako, namba ya kiwango chako inayokupa mikwaju ya ziada, ni 18 na uwanja una slopu ya 140: 18 mara 140 gawanya kwa 113 unapata 22, na hapo bado hujajumlisha tofauti ya reitingi ya uwanja, namba nyingine ya ugumu. Yaani umeshapewa mikwaju minne ya ziada kabla hujapiga mpira wa kwanza! Hiyo ni ya kulipia makosa, na mtu anaenda kuimaliza yote kwenye shimo moja kwa sababu hataki kutoa mmoja.

Nikupe mfano wa mwanafunzi wangu mmoja. Shimo la mikwaju minne, yaani linalotakiwa kumalizwa kwa minne, linapinda kushoto, mpira wake ukaenda kulia chini ya miti. Mbele kulikuwa na upenyo, upana kama mlango, na grini inaonekana kabisa. Akapiga, mpira ukagonga shina ukarudi nyuma yake, akapiga tena kwa hasira, tawi likaudondosha, alimaliza na 9. Wiki iliyofuata shimo lile lile, karibu sehemu ile ile, safari hii akageuka akautoa kwa pembeni hadi feawei, akabaki na yadi 90, weji, ile fimbo ya kupigia karibu, kisha puti mbili, mikwaju ya kuviringisha kwenye grini, 5. Mikwaju minne imeokolewa na swingi yake ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita.

Huo mkwaju wa kutokea ufanyie mazoezi maana wengi hawaufanyii kabisa. Chukua aini ya 6 au 7, shika chini kidogo kwenye mpini, mpira uwe karibu na mguu wa nyuma, mikono imetangulia mbele ya mpira, uzito mguu wa mbele, halafu fimbo irudi hadi usawa wa kiuno na ikishapiga isipande juu. Unapiga mfupi, wa chini, unakimbia. Na kabla ya hayo yote pitisha fimbo polepole nyuma yako uone kama inagusa tawi, ila usilivunje wala kulikunja, hiyo ni adhabu.

Ikiwa mpira umekaa kwenye mizizi, achana nao, kuumia kifundo cha mkono sio mchezo. Tangaza kwamba hauchezeki, adhabu ni mkwaju mmoja: unarudi ulipopigia, au unarudi nyuma kwenye mstari wa bendera na mpira, au unadondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kusogelea shimo.

Rafu nayo ina hila mbili. Ile fupi inaingiza majani kati ya mpira na uso wa fimbo, mpira unakosa mzunguko wa nyuma, unaruka mbali kuliko ulivyotegemea na hausimami. Ile ndefu, hasa ikiwa na umande, inajizungusha kwenye shingo ya fimbo na kuufunga uso, mpira wa mtu wa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Hapo weji, kamata kwa nguvu, rudi feawei.

Mtu akiona kukubali bogi, mkwaju mmoja juu ya iliyopangwa kwa shimo, ni uoga, namkumbusha Bethpage Black, New York, uwanja wa umma wa tangu 1936 wenye kibao pale mwanzoni kinachoonya kwamba ni kwa wachezaji wenye ujuzi mkubwa tu. US Open ya 2002, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ilichezwa pale, na mabingwa wote wale waliokuja, ni Tiger Woods peke yake aliyemaliza raundi nne chini ya alama ya uwanja, yaani jumla ya mikwaju iliyopangwa, kwa mikwaju mitatu tu.

Kwa sababu ni uwanja wa umma kuna foleni pia, hasa kwenye mashimo mafupi, usikae ukapoa, tembea, zungusha fimbo taratibu hadi zamu ifike. Kutafuta mpira ni dakika 3, siku hizi sio 5 tena, kwa hiyo ukihisi umepotea piga wa akiba kabisa lakini utamke kwa sauti kwamba ni wa akiba, usipotamka huo wa pili ndio unakuwa mpira wako na adhabu juu.

Na grini zake zinakanyagwa na watu wengi mno, zitunze jamani. Alama iliyoachwa na mpira wako ulipotua usiichokonoe kutoka chini kwenda juu, unakata mizizi na pale panakufa, sukuma nyasi kutoka pembeni kuja katikati, gonga kidogo kwa puta, fimbo ya kupigia puti. Tangu 2019 sheria inakuruhusu kutengeneza hata alama za viatu kwenye njia ya puti yako.