Mwigizaji Mtoto: Pesa Zake si za Mzazi

Likizo ikifika, malalamiko ya odisheni hujaa mezani kwangu. Juzi alikuja mama wa Kayole na mkataba wa kurasa mbili aliotia saini juu ya boneti ya gari. Bintiye ameigiza siku tisa. Malipo mawili yameingia kwa M-Pesa ya mama. La tatu halijafika, ndiyo maana alikuja. Nilipomuuliza ya mtoto yamewekwa wapi, akanikazia macho: "Kwani mimi si mzazi wake?"

Ni mzazi, naam. Ila aliyetia saini kwa niaba ya mtoto hakununua jasho la mtoto.

Shirley Temple wa Marekani alianza filamu akiwa na miaka mitatu. Alichuma zaidi ya dola milioni 3, na alipokuwa mtu mzima akakuta zimebaki kama 44,000. Baba yake alikuwa mtu wa benki! Kabla yake, Jackie Coogan, naye aliyeigiza filamu utotoni, aliwashtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938 kwa kutumia pesa alizochuma, na mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto wasanii. Shirley hakuharibikiwa, mwaka 1974 aliteuliwa balozi nchini Ghana. Lakini si kila mtoto atapata ubalozi.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 56, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, kwa malipo au bila malipo. Wa miaka 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kazi za viwandani haziruhusiwi kwa mtoto kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kama hiyo asubuhi. Anayekiuka hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Tafadhali msiniulize kama kamera ni kiwanda. Mtoto aliyetoka shutingi saa saba usiku atasinzia darasani vilevile.

Kabla ya kutia saini, mpelekee afisa wa watoto wa eneo lenu mkataba, ratiba na cheti cha kuzaliwa. Mkiona mtoto anateswa, nambari 116 haitozwi.

Cheti kiwe halisi. Shirley naye alipunguziwa mwaka na studio. Alidhani anatimiza 12, kumbe 13. Wazazi wetu hupunguza ili mtoto apate nafasi, kisha wanashangaa nikiwaambia kwamba kwa makaratasi yao wenyewe, mtoto wa miaka 13 sasa ana 11.