Gari linachemsha? Usianze kwa kung'oa thamostati

Mwenye gari linalochemsha namuuliza kwanza: linachemsha wakati gani? Kama ni kwenye foleni ya Mwenge au Buguruni hapa Dar es Salaam, na mshale wa joto unashuka barabara ikishafunguka, naanzia kwenye feni. Kama mjini linatulia lakini joto linapanda ukishaipita Kibaha na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, feni naiacha. Kwa mwendo huo upepo wa barabarani unatosha kupoza rejeta, kwa hiyo kuna maji yasiyozunguka vizuri au rejeta iliyoziba. Na kama linachemsha popote, hata dakika chache baada ya kuwashwa asubuhi, napima kiwango cha maji na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Nasisitiza swali hili kwa sababu gereji nyingi hapa mjini hung'oa thamostati (valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto), gari liwe linachemsha kwa sababu yoyote ile, na mwenye gari huondoka akiamini ametibiwa.

Lakini kabla ya kufungua chochote, hakikisha mshale unasema kweli. Toyota nyingi za miaka ya 1990, kama Corolla AE110 na Carina, zina sensa mbili za joto. Yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye dashibodi. Yenye waya mbili inapeleka kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Watu hubadilisha hii ya waya mbili, mshale ukabaki vilevile, wakadhani spea ni feki. Kipimo chake ni rahisi. Weka swichi ON bila kuwasha injini, chomoa ule waya mmoja: mshale unatakiwa ulale chini kwenye C. Gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma safi cha injini: mshale utapanda kuelekea H, na ukishavuka nusu ondoa waya usije ukaunguza geji. Mshale ukifanya yote mawili, geji na waya ni wazima. Mbovu ni sensa au ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari. Sensa hii inapata ethi kupitia nyuzi zake za kufungia, kwa hiyo fundi aliyeizungushia utepe mweupe wa mabomba kwa wingi anaweza kuwa ameikata ethi bila kujua. Mshale unaosogea ukiwasha taa kubwa nao unaonyesha ethi mbovu. Geji ya joto na ya mafuta zikifa kwa pamoja, acha sensa, fuata fyuzi na umeme unaozilisha zote mbili.

Kuna tabia moja ya mshale ambayo kila dereva anapaswa kuijua, kwa sababu inaua injini. Joto linapanda, linapanda, halafu mshale unashuka ghafla na gari bado lina moto. Dereva anashukuru na kuendelea na safari. Kumbe maji yamekwisha: sensa iliyotengenezwa kuzama kwenye maji sasa imekaa kwenye hewa, na inasoma joto dogo kuliko lililopo. Dalili inayoambatana nayo ni hita kutoa upepo wa baridi ukiifungulia. Hapo simama, zima, usiwashe tena mpaka injini ipoe kabisa na maji yarudi.

Wenye kipimajoto cha miale wanaweza kuupima mshale wenyewe. Elekeza kwenye shingo ya hozi ya juu injini ikishapata moto. Nyuzi 85 hadi 95 ni kawaida, ukipita 105 una tatizo la kweli. Alumini inayong'aa hudanganya kipimo, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi na upime juu yake.

Sasa feni. Kwenye Toyota nyingi za umri huo swichi ya joto ya feni inapitisha umeme ikiwa ya baridi na kuukata ikifika karibu nyuzi 93, na umeme huo ukikatika ndipo feni inawaka. Maana yake ukichomoa plagi ya swichi hiyo na ufunguo uko ON, feni lazima izunguke. Ikizunguka, lakini plagi ikirudishwa feni haiwaki hata injini ikipata moto, badilisha swichi. Isipozunguka, kagua fyuzi na relei, kisha ipe mota volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota inayoanza kuzunguka baada ya kugongwa kaboni zake zimekwisha. Angalia pia inazunguka upande gani: shika karatasi mbele ya grili, inatakiwa ivutwe ndani. Nyaya zikigeuzwa wakati wa matengenezo, feni inasukuma hewa moto mbele, na mtu anashangaa feni inafanya kazi lakini gari linachemsha. Kuunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote kunakufikisha nyumbani tu. Kunaficha swichi mbovu na kumaliza mota mapema.

Magari yenye feni ya mkanda, kama Hilux, yana kluchi ya feni yenye mafuta mazito ndani. Zima injini ikiwa moto na sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka mizunguko kadhaa bila kukinza, mafuta yamevuja na kluchi imekufa.

Rudi kwenye thamostati. Wengi wanaiona kizuizi cha maji, ndiyo maana wanaitupa. Kazi yake ni mbili: kuipandisha injini haraka kwenye joto lake, na kwenye injini nyingi kuziba njia ya pembeni maji yakishapata moto ili yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, ile njia ya pembeni inabaki wazi na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Asubuhi kontroli boksi inaona injini baridi kwa muda mrefu, inamwaga petroli zaidi, na gari linakunywa mafuta kuliko kawaida. Ukiishuku, ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto. Iliyogongwa chapa ya 82 inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ikifeli, weka nyingine ya namba ileile, na kile kivalvu kidogo kinachocheza kikae juu ili hewa ipite.

Rejeta iliyoziba kwa nje inaonekana ukiangalia kati yake na kondensa ya AC: vumbi, tope, wadudu. Puliza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo. Iliyoziba kwa ndani haionekani, lakini kipimajoto kitaonyesha mistari ya baridi katikati ya sehemu ya moto. Angalia pia hozi ya chini wakati msaidizi anakanyaga mafuta mpaka mizunguko 3,000: ikijinyonya na kubana, inazuia maji.

Na mfuniko wa rejeta. Kwa magari haya ni wa presha ya baa 0.9, na raba ikichoka presha haishiki. Maji yenye presha hiyo huchemka karibu nyuzi 118 badala ya 100, kwa hiyo mfuniko mbovu peke yake unatosha kukuletea mvuke kwenye foleni.

Maji ya kujazia nayaongelea kwa uchungu. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula mapanga ya wota pampu, inatoboa rejeta na kujenga gome ndani ya injini. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, si ya nchi za barafu peke yake. Sisi tunaihitaji kwa ajili ya kutu. Corolla nyingi zinachukua kati ya lita 5 na 6. Ukimwaga, maji mengine hubaki ndani ya bloku, kwa hiyo tia kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha malizia na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Dukani ukiomba maji ya betri soma chupa, usije ukapewa asidi.

Gasketi ya hedi inajulikana asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Mapovu yasiyokoma, au maji kurushwa nje, ni gesi ya silinda inayopenya. Mfuniko ukiwa umefungwa, hozi ya juu kuwa ngumu ndani ya dakika mbili ni ushahidi wa pili. Ukifungua hedi, usifunge gasketi mpya bila kuweka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa hedi, kwa urefu na kwa mshazari: fila (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya milimita 0.05 ikipita chini ya rula, hedi ipelekwe kusagwa. Bloku nayo ipimwe hivyohivyo.

Baada ya kazi yoyote, toa hewa. Paki pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita kwenye moto wa mwisho, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi. Acha injini itulie kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, dakika 10 hadi 15, ukibinyabinya hozi ya juu na kuongeza maji yanaposhuka, mpaka thamostati ifunguke na mapovu yakome. Funga, jaza chupa ya akiba mpaka FULL, endesha kilomita chache. Kesho yake asubuhi fungua tena mfuniko gari likiwa la baridi. Rejeta ijae mpaka mdomoni. Ikipungua kidogo ni hewa iliyobaki, ongeza. Ikipungua tena siku ya tatu, kuna mahali panavuja, na utafute kabla ya kutoka nje ya mji.