Kwa nini kidole hufika kwenye "Nakubali" kabla ya macho?

Kwa miaka kadhaa nimehudumu katika saiba ndogo mjini Nakuru, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Kazi ni zile zile zinazojulikana: kufaili ritani za kodi, kufungua akaunti ya eCitizen, kuskani vyeti, kumtengenezea barua pepe mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Kila moja ya kazi hizo ina ukurasa wa masharti, na kila ukurasa una kisanduku cha kutiwa alama. Mteja huketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki, kitambulisho mkononi. Mwenye kipanya ni mimi. Nimebofya "Nakubali" kwa niaba ya watu maelfu, na walioniomba kwanza niwaeleze wanakubali nini hawajazi vidole vya mkono mmoja.

Je, kuna watu mahali fulani wanaosoma masharti hayo kabla ya kuyakubali?

Wapo, lakini ni wachache kuliko nilivyodhani. Mwaka 2014 Yannis Bakos, Florencia Marotta-Wurgler na David Trossen walichapisha utafiti uliofuata nyendo za wageni 48,154 wa kila mwezi katika tovuti za kampuni 90 zinazouza programu za kompyuta. Katika kila wanunuzi 1,000, waliofungua ukurasa wa leseni, yaani masharti ya kutumia programu, walikuwa mmoja au wawili. Wengi wa hao hawakukaa hapo muda wa kutosha kusoma zaidi ya kipande kidogo. Ikumbukwe kwamba walichopima ni ukurasa uliofunguliwa, si macho yaliyosoma. Aliyeufungua kisha akainuka kuepua sufuria jikoni alihesabiwa sawa na aliyesoma kila neno. Tena hao walikuwa Wamarekani kwenye kompyuta, si mtu wa Njoro kwenye simu, kwa hiyo sidai kwamba tarakimu ile ni yetu pia.

Majaribio mengine yanaelekea huko huko. Mwaka 2005 kampuni ya PC Pitstop ilificha ndani ya leseni yake sentensi iliyoahidi zawadi kwa yeyote atakayewaandikia. Ilipita miezi minne, programu ikapakuliwa zaidi ya mara 3,000, ndipo mtu wa kwanza akaandika. Alilipwa dola 1,000. Baadaye Jonathan Obar na Anne Oeldorf-Hirsch waliwaalika wanafunzi 543 wa chuo kikuu kujiunga na mtandao wa kijamii wa kubuni. Ndani ya masharti waliweka kifungu kinachosema kwamba malipo ya huduma hiyo ni kumtoa mtoto wako wa kwanza. Asilimia 98 hawakukigundua. Kwa wastani masharti ya huduma yalipewa sekunde 51, na kuyasoma kwa mwendo wa kawaida kungechukua angalau dakika 15.

Sasa nieleze nilichokosea, kwa sababu nilikiamini kwa moyo wote na nimewaambia watu wengi.

Niliamini kwamba tatizo ni Kiingereza, na urefu pamoja nacho. Ilionekana wazi kabisa. Unampa mama anayeuza mitumba kurasa thelathini zilizoandikwa na mawakili wa California, sentensi moja ikianzia juu ya skrini na kuishia chini, kisha unamlaumu kwamba hakusoma? Nilisema mara nyingi kwamba siku masharti haya yakiandikwa kwa Kiswahili, kwa ufupi, kwa maneno ya kawaida, watu watasoma.

Ningepaswa kushtuka mapema. Kila mtu aliyekulia na redio katika nchi hii anaijua ile sauti ya mwisho wa tangazo, inayokimbia kana kwamba inafukuzwa: "vigezo na masharti kuzingatiwa". Ni Kiswahili fasaha, maneno manne tu, na hakuna neno gumu ndani yake. Sijawahi kumsikia mtu hata mmoja, nyumbani wala kwenye matatu, akiuliza ni vigezo gani hivyo.

Lakini sikushtuka. Badala yake niliamua kuthibitisha imani yangu pale saiba. Nilichapa karatasi moja ya A4 kwa herufi kubwa, Kiswahili kitupu, sentensi sita. Ya tatu ilisema: "Faili zote zinazoachwa kwenye kompyuta hizi hufutwa kila siku saa kumi na mbili jioni." Nikaibandika ukutani juu kidogo ya skrini, mahali ambapo jicho lazima lipite. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja alikaa saa nzima akiandika wasifu wake wa kuombea kazi. Akalipa, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata akarudi kuuprinti, na haukuwepo. Nilimwonyesha ile karatasi. Aliisoma yote, taratibu, midomo ikicheza, kisha akaniuliza kama nimeibandika usiku. Alikuwa ameketi chini yake saa nzima. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na sentensi ilikuwa na maneno machache kuliko ujumbe wa M-Pesa. Tuliketi pamoja tukauandika wasifu upya na sikumtoza, lakini karatasi ile ilinisumbua kwa siku nyingi.

Baadaye nikagundua kwamba wengine walikuwa wamelipima jambo hili kwa makini zaidi. Mwaka 2016 Omri Ben-Shahar na Adam Chilton walichapisha jaribio ambapo sera ya faragha, yaani maelezo ya jinsi habari zako zitakavyotumiwa, ilirahisishwa kwa njia mbalimbali, pamoja na kuwekwa kwenye visanduku vifupi vya onyo. Watu waliopewa toleo rahisi hawakuielewa zaidi, na hawakubadilisha walichokuwa tayari kufichua. Marotta-Wurgler naye, katika kazi nyingine, aliona kwamba kuyaweka masharti mahali pa wazi zaidi hakuongezi wasomaji kwa kiasi cha maana. Sisemi Kiswahili hakina faida. Kina faida kubwa kwa yule ambaye tayari ameamua kusoma. Ila hakimfanyi mtu aamue kusoma, na mimi nilikuwa nimeyachanganya mambo hayo mawili.

Basi ni nini kinachotokea? Nimeona ni rahisi kukieleza kwa kuanzia mlangoni pa supamaketi.

Ukifika mlangoni unamkuta askari na kile kifimbo cha kukagua vyuma. Mara ya kwanza maishani ulisimama, ukatazama kifimbo, ukajiuliza kinatafuta nini na kitalia kwa kitu gani. Labda uliingiza mkono mfukoni ukatoa funguo. Mara ya pili ulijua. Kufikia mara ya mia, mikono inainuka yenyewe ukiwa bado unaongea na mwenzako. Kifimbo kikilia, askari anatikisa kichwa upite, nawe unapita. Umejifunza nini? Hujajifunza lolote kuhusu usalama. Ulichojifunza ni umbo: mlango, sare, kifimbo, mikono juu, ndani. Na somo hilo limerudiwa mara nyingi bila baya lolote kukupata, kwa hiyo mwili umeliamini.

Sasa fikiria siku moja, mbele ya mlango mwingine kabisa, amesimama mtu mwenye sare inayofanana na ile, ameshika kitu kinachofanana na kile. Huyu hakagui vyuma. Anataka jambo jingine. Mikono yako itainuka. Utakuwa umeshapita hatua tatu kabla ya kujiuliza yule alikuwa nani.

Hivyo ndivyo Rainer Böhme na Stefan Köpsell walivyoona kwenye jaribio walilochapisha mwaka 2010, lililohusisha watumiaji 80,000. Walionyesha dirisha dogo la kuomba ridhaa, wakabadilisha maneno na vitufe vyake. Kadiri dirisha lilivyofanana na lile la leseni ya programu, ndivyo watu wengi zaidi walivyokubali. Kumbuka kwamba ombi lilikuwa lile lile, kilichobadilika ni sare tu. Na jambo linaloniacha mdomo wazi kila ninaposimulia ni kwamba watu hao walikuwa watumiaji wa programu ya kulinda faragha mtandaoni. Walikuwa wamechukua hatua ya kujificha, kisha umbo la kitufe likawapitisha.

Mwaka 2015 kundi jingine la watafiti, akiwemo Bonnie Anderson, liliwaweka watu ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, na kuwaonyesha maonyo ya kompyuta. Shughuli katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kuona ilishuka sana kuanzia mara ya pili tu ya kuonyeshwa onyo lile lile. Onyo lililobadilisha sura yake liliendelea kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Hayo yalikuwa maonyo ya usalama, si leseni, kwa hiyo tusiyahamishe mzima mzima. Lakini yananisaidia kumwelewa kijana wangu wa wasifu. Kuta za saiba zote alizowahi kuingia zina karatasi: bei ya kuprinti, usile hapa, tunapokea M-Pesa. Yangu ilivaa sare ya karatasi nyingine zote.

Kuna sababu ya pili, nayo nitaigusa kidogo. Hata ukisoma, hakuna wa kubishana naye. Pale soko la Wakulima unaweza kumwambia muuzaji aongeze kidogo. Leseni haiongezi wala haipunguzi: ukikataa, unarudi ulikotoka. Aleecia McDonald na Lorrie Cranor walikadiria mwaka 2008 kwamba Mmarekani mmoja angehitaji zaidi ya saa 200 kwa mwaka kusoma sera za faragha za tovuti anazozitembelea. Mtu anayekataa kulipa saa hizo ili afike pale pale hastahili kuitwa mvivu, na neno hilo nimeacha kulitumia.

Wapo waliotetea hali hii kwa hoja nzuri. Mwaka 1979 Alan Schwartz na Louis Wilde walieleza kwamba si lazima wanunuzi wote wakague masharti. Wachache wa kutosha wakikagua, muuzaji atalazimika kuwa mwaminifu kwa wote. Hoja hii naielewa kupitia gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Muuza mahindi anayejua kwamba akina mama kadhaa kila asubuhi wataupindua mkebe waone kama kitako kimebonyezwa, hatakibonyeza, na mimi nisiyepindua nitapata kipimo kamili kwa sababu yao. Ni hoja ya kweli sokoni. Bakos na wenzake walikuwa wakiijaribu hasa hiyo, na ndipo ile tarakimu yao inapouma: mmoja au wawili katika 1,000 ni wachache mno. Muuzaji anaweza kuwapoteza hao wote na asihisi chochote.

Sheria nayo kwa muda mrefu haikumhurumia asiyesoma. Mwaka 1934, katika kesi ya L'Estrange dhidi ya Graucob, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mama mwenye mkahawa aliyenunua mashine ya kuuzia sigara alifungwa na sahihi yake, ingawa maandishi madogo hakuyasoma na mashine haikufanya kazi. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka kizingiti tofauti kwa habari za mtu binafsi: ridhaa iwe wazi, ya hiari, mahususi, ya mtu aliyeelezwa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa unambebesha yule anayekusanya data. Nikiketi pale na kipanya, naliona pengo kati ya neno "aliyeelezwa" na kile ninachokifanya mara thelathini kwa siku.

Je, kuna kinachosaidia? Ushahidi hapa ni mwembamba, lakini Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, ina funzo. Zamani programu iliomba ruhusa zote kwa pamoja wakati wa kusakinishwa, na utafiti wa Adrienne Porter Felt na wenzake wa mwaka 2012 uligundua kwamba ni asilimia 17 tu waliozitazama wakati huo. Kuanzia Android 6.0, mwaka 2015, ruhusa nyeti zikaombwa moja moja, pale zinapohitajika, na ukikataa moja unaweza mara nyingi kuendelea na nyingine. Hata hayo madirisha yanaweza kuzoeleka kama kifimbo cha askari. Tofauti ni kwamba swali ni moja, na "hapana" ina maana.

Ile karatasi niliibandua. Siku hizi saa kumi na moja na nusu napita kwa kila mteja na kumuuliza: "Faili yako nitaifuta sasa hivi. Nikutumie kwa WhatsApp au kwa barua pepe?" Hakuna aliyewahi kushindwa kujibu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na simu mpya, akitaka nimwekee programu ya mkopo aliyoelekezwa na jirani. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuingia katika orodha ya namba za mteja ili kuwatumia watu hao ujumbe anapochelewa kulipa. Hii ya jirani iliomba orodha hiyo kabla ya lolote. Kidole changu kilikuwa tayari kiko juu ya kitufe. Nikakiondoa, nikamgeuzia simu.

"Mama, hii inaomba namba za watu wote ulionao humu. Niikubalie?"

"Wote? Wote kabisa?"

"Wote, mama."

Akaichukua simu, akafungua orodha yake, akaanza kuipitia kwa kidole gumba, polepole, akitaja majina kwa sauti ya chini: mwenyekiti wa chama, mwalimu wa mtoto, mchungaji, mama mkwe. Alipofika kwa mama mkwe akasimama.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ifute."