Ukilipa deni la simu, miaka saba haianzi upya

Ujumbe umerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii kwa herufi kubwa na mikono mitatu ya kuomba: "USILIPE BILI YA ZAMANI YA SIMU, UKILIPA MIAKA SABA INAANZA UPYA." Nimechoka nao. Umewafanya watu wakalie madeni ya dola mia tatu mpaka siku wanapotafuta nyumba ya kupanga. Nitaueleza mara moja, kisha atakayenitumia tena nitamrudishia kiungo cha ukurasa huu bila hata salamu.

Naandika kuhusu Marekani tu. Ukiwa nchi nyingine, sheria zako ni nyingine.

Mtunga ujumbe ametia hesabu mbili za miaka katika chungu kimoja. Ya kwanza ni ya ripoti ya mikopo, yaani kumbukumbu ya madeni yako ambayo wakopeshaji na wenye nyumba huiangalia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, FCRA, inasema deni lililopelekwa kwa wakusanya madeni hukaa kwenye ripoti miaka 7, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku 180 baada ya siku uliyochelewa kwa mara ya kwanza bila kurudi tena kulipa kwa wakati. Tuseme ulipaswa kulipa tarehe 10 Machi 2022, hukulipa, na hukuwahi kulipa tena. Siku 180 zinakufikisha 6 Septemba 2022. Ongeza miaka 7: mwisho wake ni 6 Septemba 2029. Deni liuzwe mara nne, lipe lote, lipe nusu, lia kwenye simu na mkusanya madeni: tarehe ile ya Machi haisogei. Hakuna malipo yanayoisogeza. Hakuna.

Hesabu ya pili ni ya kushtakiwa mahakamani, yaani muda ambao anayekudai anaweza kukufungulia kesi. Hiyo ni ya jimbo, mara nyingi kati ya miaka 3 na 6, kwingine zaidi. Na hapa ndipo uvumi ulipookota ukweli wake: katika majimbo mengi, kulipa hata dola 20, au kukiri deni kwa maandishi, kunaweza kuuanzisha muda wa kushtakiwa upya. Kwa hiyo mtu mwenye deni la zamani sana anayeishi katika jimbo la namna hiyo ana sababu halali ya kufikiri kabla ya kutoa hata senti. Lakini sababu hiyo ni kesi. Ripoti haimo.

Kwa deni la simu mambo yana mkorogo wa ziada. Sheria ya mawasiliano ya shirikisho ina kifungu, 47 U.S.C. 415, kinachoipa kampuni ya mawasiliano miaka 2 tu ya kushtaki kwa ajili ya malipo yake. Mawakili wengine huking'ang'ania. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 5 ilikataa kukitumia kwa deni la simu ya mkononi, ikabakiza muda wa jimbo. Je, kila mahakama itafuata? Mimi siwezi kukuahidi, na yeyote anayekuahidi muulize ana kesi gani mkononi. Ukipokea hati ya mahakama, usikae kimya ukidhani muda umeisha. Muda ulioisha ni utetezi unaopaswa kuutoa wewe mwenyewe. Usipojibu, hukumu inatoka dhidi yako hata kwa deni lililozeeka.

Turudi kwenye ripoti. Chukua zote tatu, za ofisi za mikopo Equifax, Experian na TransUnion, kwenye AnnualCreditReport.com. Ni bure kila wiki. Usitumie picha ya alama ya mikopo, ile namba ya kupima jinsi unavyoaminika kulipa, kutoka programu ya benki. Alama haina tarehe unazozihitaji. Ukifungua, kila ofisi inaandika kwa namna yake: Equifax huonyesha tarehe ya kwanza ya kuchelewa, TransUnion hukadiria mwezi na mwaka wa kuondolewa, Experian huandika rekodi itakaa mpaka lini. Mkusanya madeni naye ana tarehe ya kufungua akaunti, ambayo ni siku alipolipokea deni, labda mwaka jana. Watu huiona hiyo wakapiga yowe kwamba miaka yao saba imeanzishwa upya. Hapana, hiyo anaruhusiwa. Asichoruhusiwa ni kusogeza tarehe ya kwanza ya kuchelewa. Ikiwa bili ya mwisho ya kampuni ya simu inaonyesha Machi 2022 na ripoti inasema Januari 2024, hapo una kosa la kweli, na ni pingamizi zuri kuliko yote.

Ndiyo maana bili ya mwisho ni karatasi ya thamani, na ndiyo maana watu hawanayo. Ukihamisha namba kwenda kampuni nyingine, laini inafungwa siku hiyo hiyo, na mara nyingi unapoteza pia njia ya kuingia kwenye akaunti ambako bili inatumwa. Halafu kuna simu ya "bure". Simu ya dola 800 kwa miezi 36 ni dola 22.22 kwa mwezi, na kampuni inakupa punguzo la kiasi hicho hicho kila mwezi, kwa hiyo unaona sifuri. Ukiondoka baada ya miezi 14, punguzo linakatika na salio lote la takriban dola 489 linadaiwa kwa mpigo. Mtu anaapa hakuwahi kudaiwa kitu. Kwa namna fulani ni kweli, mpaka siku aliyoondoka.

Jambo la kuudhi zaidi: kampuni nyingi za simu haziripoti malipo yako ya kila mwezi kwa ofisi hizo tatu. Umelipa kwa wakati miaka kumi? Ahsante, hakuna aliyeandika. Kosa moja, jina linaandikwa. Pia kuna hifadhi nyingine ya kumbukumbu za kampuni za simu na huduma za nyumbani, NCTUE. Ukinyimwa laini mpya wakati ripoti zako tatu ni safi, omba ripoti yako huko.

Kabla ya kulipa, jua deni liko kwa nani. Likiwa limekabidhiwa tu kwa mkusanya madeni, kampuni ya simu bado ndiyo inayokudai na inaweza kulirudisha kwake. Ipigie kampuni hiyo, lipa kwake, omba ilirudishe, na mara nyingi rekodi ya mkusanya madeni inaondoka. Likiwa limeuzwa, kampuni ya simu itakuambia haina cha kufanya, na inasema kweli. Mkusanya madeni anapaswa kukupa maelezo ya deni, na una siku 30 tangu uyapokee kupinga kwa maandishi. Ukipinga ndani ya muda huo, lazima aache kukudai mpaka athibitishe. Omba mchanganuo: huduma kiasi gani, kifaa kiasi gani, ada kiasi gani. Kifaa ulichorudisha ndicho kosa la kwanza la kutafuta, pamoja na siku za huduma baada ya namba kuhamishwa.

Kupatana kwamba ukilipa wafute, ndiyo, inawezekana. Ofisi za mikopo hazipendi, na mkusanya madeni halazimiki. Anayekubali aandike kabla hujalipa, akitaja namba ya akaunti na neno kufuta. "Tutasasisha" haitoshi; maana yake deni litaonekana limelipwa, na litabaki pale pale.

Je, deni lililolipwa linapandisha alama? Inategemea anayekupima anatumia alama ipi. FICO 8, ambayo bado inatumika sana, haitofautishi deni la kukusanywa lililolipwa na lisilolipwa, ingawa inapuuza lile ambalo asili yake ni chini ya dola 100. FICO 9 na VantageScore 3.0 hupuuza lililolipwa kabisa. Idadi ya alama utakazopata siwezi kukupa, na wanaoitaja wanabahatisha. Na tafadhali msichanganye na madeni ya hospitali: yale ya chini ya dola 500 ofisi ziliamua kuyaondoa mwaka 2023. Bili ya simu haimo.

Sasa pingamizi dhidi ya kosa kwenye ripoti. Ofisi ya mikopo ina siku 30 kuchunguza, 45 ukiongeza ushahidi katikati. Usiandike "si langu" ikiwa ni lako. Malalamiko hugeuzwa kuwa msimbo mfupi na kutumwa kwa aliyeripoti kupitia mfumo wa e-OSCAR. Ukisema si lako, yeye analinganisha jina, anuani na namba ya utambulisho, anabonyeza imethibitishwa, mmemalizana. Andika kosa moja kwa jina lake: "Tarehe ya kwanza ya kuchelewa ni Machi 2022, bili imeambatishwa," au "Salio linajumuisha kifaa kilichorudishwa, risiti imeambatishwa." Tuma kwa ofisi, na nakala kwa aliyeripoti.

Kama tatizo ni la kampuni ya simu yenyewe, kuna mlango ambao wengi hawaugongi: malalamiko ya bure kwa FCC, tume ya shirikisho ya mawasiliano. Kampuni inapaswa kujibu ndani ya siku 30, na jibu hilo mara nyingi linatoka kwenye ofisi ya juu, siyo kwa yule uliyesubiri naye muziki dakika arobaini.

Anayekutaka ulipe kwanza ndipo akusafishie ripoti anavunja sheria ya mwaka 1996 inayokataza malipo kabla kazi haijakamilika. Mwache.

Rekodi ikifutwa, tunza barua inayosema imefutwa. Ikirudishwa, ofisi lazima ikujulishe kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi, na bila barua ya kwanza utaanza kubishana kutoka sifuri.