Sanamu ya bronzi haichongwi

Hapa Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba, bado nasikia watu wakisema kwamba sanamu ya bronzi ni pande zima la madini, na kwamba msanii amelichonga kwa nyundo na patasi. Sivyo. Igonge kwa kifundo cha kidole: inalia kama sufuria tupu, kwa sababu ndani iko wazi.

Mchongaji huondoa, mfinyangaji huongeza. Sanamu ya bronzi huanzia kwa mfinyangaji: kwanza husimamisha kiunzi cha chuma, kisha hubandika udongo mbichi donge kwa donge kwa dole gumba, na jioni huufunika kwa kitambaa kilicholoweshwa usije ukakauka na kupasuka. Ndiyo maana kwenye bronzi nyingi za Auguste Rodin, msanii wa sanamu wa Ufaransa, alama za vidole zinaonekana hadi leo. Vidole hivyo viligusa udongo, havikugusa madini.

Kutokana na udongo huo hutengenezwa kalibu ya plasta, yaani ganda tupu lenye umbo la sanamu kwa ndani. Kwa njia ya nta, kalibu hupakwa nta ndani, unene wa milimita chache tu, na katikati hujazwa kiini kinachostahimili moto. Nta ikiyeyushwa huacha mwanya, na bronzi ya moto, yaani shaba iliyochanganywa na bati, humiminwa humo. Pande zima lingekuwa zito mno, tena likipoa huweza kupasuka.

Kusubu huku mara nyingi hufanywa na mafundi wa kalibu, si msanii mwenyewe. Wazee wetu wa Katanga nao walikuwa mafundi: ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha ilimiminwa kwenye kalibu, haikuchongwa.